Ajali za maabara vyuoni: Dalili zilionekana, nani alisikiliza?

Ripoti za uchunguzi kuhusu moto na milipuko katika maabara za vyuo vikuu nchini Marekani zimefikia hitimisho linalofanana: ajali hizo zilitanguliwa na dalili. Mahali pamoja kulikuwa na ukaguzi uliobaini kasoro. Pengine kulikuwa na mlipuko mdogo uliopita bila kumdhuru mtu, na kwingine kiwango cha juu cha kemikali kilitajwa kwa mdomo bila kuandikwa popote. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuzifikisha dalili hizo kwa mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na wa kumlazimu mtu huyo kuchukua hatua.

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji waliofikwa na msiba, na katika nafasi hiyo una heshima yake. Tatizo huanza pale unapotumika kufunga uchunguzi, kana kwamba kijana aliyeungua akiwa masomoni alipatwa na jambo ambalo hakuna binadamu angeweza kulizuia.

Suala hili linazihusu pia nchi za ukanda wetu. Vyuo vikuu vinavyofundisha sayansi vimeongezeka, na vijana huvuka mipaka kwenda kusoma Kampala, Nairobi, Dar es Salaam au Kigali. Mzazi anayemsindikiza mwanawe kituo cha basi huuliza kuhusu ada, malazi na chakula. Ni nadra kuuliza ni nani atakayewajibika mwanawe akiwa ndani ya maabara ya kemia. Katika uchambuzi huu tunaangalia ajali chache zilizochunguzwa kwa kina, sababu zilizobainika, na yale ambayo vyuo vyetu vinaweza kujifunza kabla ya kulazimika kuomboleza.

Kifo kilichofika mahakamani

Tarehe 29 Desemba 2008, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, maarufu kama UCLA, kilikuwa katika mapumziko ya mwisho wa mwaka. Msaidizi wa utafiti aitwaye Sheharbano Sangji, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa kazini katika maabara ya kemia. Alikuwa akihamisha kimiminika cha jamii ya butili-lithiamu kwa kutumia bomba la sindano la plastiki. Kimiminika hicho huwaka chenyewe kinapogusana na hewa, bila kuhitaji kiberiti wala cheche.

Sehemu ya kusukumia ya bomba hilo ilichomoka. Kimiminika kilimwagika mikononi na kwenye nguo zake, na moto ukawaka papo hapo. Alikuwa amevaa sweta la nyuzi za viwandani, aina ya kitambaa kinachoshika moto kwa urahisi, na hakuwa na koti la maabara. Alifariki dunia tarehe 16 Januari 2009, siku 18 baada ya ajali.

Uchunguzi ulibaini mambo mawili yenye uzito. La kwanza, hapakuwa na kumbukumbu za kuthibitisha kwamba alipewa mafunzo ya kutosha juu ya kemikali hiyo. La pili, ukaguzi wa ndani uliofanywa na chuo chenyewe takriban miezi miwili kabla ya ajali ulikuwa umeona kuwa watu katika maabara hiyo hawavai makoti ya kinga. Kasoro hiyo iliandikwa, ripoti ikatolewa, na kazi ikaendelea kama kawaida.

Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo la California ilikitoza chuo faini ya dola 31,875. Mwezi Desemba 2011, waendesha mashtaka wa Los Angeles waliwafungulia mashtaka ya jinai profesa aliyesimamia maabara hiyo pamoja na bodi inayoongoza Chuo Kikuu cha California. Mwezi Julai 2012 bodi hiyo ilifikia makubaliano na waendesha mashtaka: ilikubali kuwajibika kwa hali ya maabara, ikaahidi kurekebisha taratibu za usalama katika idara za kemia na biokemia za kampasi zake zote, na kutoa dola 500,000 kwa ajili ya ufadhili wa masomo kwa jina la marehemu. Mwaka 2014 profesa naye alifikia makubaliano yaliyojumuisha saa 800 za kazi za kujitolea na malipo ya dola 10,000 kwa kituo cha kutibu majeraha ya moto. Hakutiwa hatiani.

Wapo walioona makubaliano hayo ni adhabu ndogo mno kwa uhai uliopotea. Wapo pia walioona kuwa ni kosa kumfikisha msomi kizimbani kwa sababu ya ajali. Jambo lisilobishaniwa ni kuwa baada ya kesi hiyo wakuu wa idara za kemia nchini Marekani walianza kujiuliza swali ambalo zamani walilikwepa: ikitokea kwangu, nitaweza kuonesha nilifanya nini baada ya onyo la kwanza?

Gramu 10 badala ya miligramu 100

Ajali ya pili ilitokea tarehe 7 Januari 2010 katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock. Wanafunzi wawili wa shahada za juu walikuwa wakitengeneza kampaundi ya nikeli yenye uwezo wa kulipuka, katika mradi wa utafiti uliogharimiwa na serikali ya Marekani. Wasimamizi wao walikuwa wameweka kiwango cha juu cha miligramu 100 kwa kila mara. Wanafunzi walitengeneza takriban gramu 10, yaani mara 100 ya kiwango hicho, ili wapate kiasi cha kutosha kwa vipimo vyote kutoka katika mkupuo mmoja.

Vipande vya kampaundi hiyo vilikuwa na mabonge. Mmoja wa wanafunzi alichukua sehemu yake akaisaga kwa kinu kidogo na mchi, kama mtu atwangaye viungo jikoni. Alipodhani amemaliza alivua miwani ya kinga, kisha akarudi kukoroga mara moja zaidi. Kampaundi ililipuka. Alipoteza vidole vitatu, akaungua mikono na uso, na jicho lake moja likajeruhiwa.

Kwa haraka mtu anaweza kusema kosa ni la mwanafunzi. Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, ijulikanayo kwa kifupi kama CSB, haikuishia hapo. Katika ripoti yake ya Oktoba 2011 ilieleza kuwa kiwango cha miligramu 100 kilikuwa kikipitishwa kwa mazungumzo tu. Hakikuandikwa kama kanuni, na hapakuwa na njia ya kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi mpya amekisikia na kukielewa. Mwanafunzi alikuwa amejiwekea kipimo chake mwenyewe cha hatari, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kupima kwa namna nyingine.

Bodi ilibaini pia kuwa tangu mwaka 2007 kulikuwa kumetokea visa viwili katika maabara za watafiti haohao, vyenye sababu zinazofanana na za ajali hii. Hakuna aliyejeruhiwa katika visa hivyo, na kwa sababu hakuna aliyejeruhiwa, havikuandikwa vizuri wala havikugeuzwa kuwa somo kwa waliofuata. Visa vya nusura, ambavyo kwa kweli ni mwalimu asiyedai ada, vilipita kama upepo.

Ripoti hiyo iligusa hata mfuko wa fedha. Taasisi ya serikali iliyogharimia utafiti huo wa vilipuzi haikuwa imeweka masharti mahususi ya usalama wa maabara. Mtafiti aliulizwa atagundua nini na lini. Hakuulizwa atawalindaje watu watakaoifanya kazi hiyo.

Mwanafunzi si mfanyakazi

Tukizilinganisha ajali hizi mbili, tunakutana na jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kesi ya Los Angeles ilifika mahakamani kwa sababu Sangji alikuwa mwajiriwa, na sheria ya usalama kazini ya California inawagusa pia waajiriwa wa taasisi za umma. Mlipuko wa Lubbock ulitokea katika chuo cha umma cha jimbo la Texas, ambako mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini haina nguvu juu ya taasisi za jimbo. Nchi ni moja na sayansi ni ileile, lakini tofauti ya mpaka wa jimbo na ya mkataba wa ajira ilitosha kuamua kama mkaguzi ana haki ya kubisha hodi.

Kanuni ya shirikisho ya Marekani kuhusu kemikali za hatari katika maabara, iliyotolewa mwaka 1990, iliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mwanafunzi asiyelipwa mshahara hayumo ndani yake moja kwa moja. Aidha, kama CSB ilivyoeleza, kanuni hiyo ililenga zaidi madhara ya kiafya yatokanayo na kuvuta au kugusa kemikali, na haikukusudiwa kushughulikia hatari za milipuko na moto.

Matokeo yake ni kwamba kundi kubwa zaidi la watu wanaoshika chupa za kemikali chuoni ndilo lenye ulinzi hafifu zaidi wa kisheria. Ni vijana, wengi wao wanaigusa kemikali fulani kwa mara ya kwanza, na wanamtegemea msimamizi kwa kila kitu: alama, barua ya mapendekezo, ruzuku, na hata tarehe ya kuhitimu. Kijana wa namna hiyo akiona hatari, kuna mambo mengi yanayomshauri anyamaze.

Mamlaka ya profesa na uhuru wa taaluma

Kiwandani, msimamizi wa usalama anaweza kuzima mtambo, na meneja atalazimika kutoa maelezo. Chuoni mambo ni tofauti. Kila profesa ni kama mwenye nyumba katika maabara yake. Yeye huleta ruzuku, huchagua wanafunzi, na huamua kazi ipi ifanyike usiku na ipi mchana. Ofisi ya usalama humtumia barua. Asipojibu, humtumia nyingine.

CSB iliona kuwa baadhi ya watafiti waliuchukulia ukaguzi wa maabara zao kama uvamizi wa uhuru wa taaluma. Hoja hiyo inahitaji kupimwa kwa uangalifu, maana uhuru wa taaluma ni jambo la thamani na nchi nyingi za Afrika zinajua gharama ya kuukosa. Lakini uhuru huo ni wa kuuliza maswali, kufundisha na kuchapisha matokeo. Haujawahi kuwa ruhusa ya kumweka mwanafunzi mbele ya chombo kinachoweza kulipuka bila yeye kuelezwa. Ndiyo maana bodi hiyo ilisisitiza kwamba ofisi ya usalama iwajibike moja kwa moja kwa kiongozi wa chuo mwenye uwezo wa kulazimisha marekebisho.

Mkasa wa Hawaii unaonesha kinachotokea pale dalili inapokwama. Tarehe 16 Machi 2016, katika chuo kikuu cha jimbo hilo huko Manoa, mtafiti kijana mwenye shahada ya uzamivu alipoteza mkono wake. Tangi la takriban lita 49 lililipuka likiwa na mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na kabonidayoksaidi chini ya shinikizo. Kabla ya hapo kulikuwa kumetokea mlipuko mdogo ndani ya chombo kidogo zaidi katika kazi hiyohiyo. Mamlaka ya usalama kazini ya Hawaii ilikitoza chuo faini ya dola 115,500 kwa makosa 15.

Mtu anayefahamu kidogo kemia anajua kuwa haidrojeni na oksijeni zikiwa pamoja zinahitaji cheche ndogo tu. Elimu hiyo ilikuwepo chuoni, tena kwa wingi. Kwa hiyo mlipuko mdogo wa kwanza ulikuwa taarifa kamili, na taarifa hiyo ilipaswa kuwa na uwezo wa kuisimamisha kazi hadi mtu wa tatu, asiye na haraka ya matokeo, aitazame upya.

Pale kanuni zilipofuatwa na bado zikashindwa

Haki inadai tuseme pia kuwa ziko ajali ambazo aliyeumia hakupuuza lolote. Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth na mtaalamu wa madhara ya metali zenye sumu, alidondokewa na matone machache ya dimethili-zebaki juu ya glovu yake ya mpira. Alifuata taratibu zilizokubalika wakati ule. Miezi kadhaa baadaye alianza kuyumba anapotembea na kupata shida ya kuongea. Alifariki tarehe 8 Juni 1997.

Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionesha kuwa kampaundi hiyo hupenya glovu za aina ile katika muda wa sekunde. Wenzake wa Dartmouth hawakuificha habari. Mwezi Mei 1997, profesa angali hai, waliandika barua katika jarida la wanakemia wa Marekani kuwatahadharisha watafiti wengine kuhusu glovu hizo. Mamlaka ya usalama kazini nayo ilitoa tahadhari rasmi, na matumizi ya kampaundi hiyo yakapungua sana.

Tofauti ya Dartmouth na visa vilivyotangulia ni uwazi. Msiba mmoja, ulioelezwa mapema na kwa majina ya vitu halisi, uliwalinda watu wengi katika nchi ambazo profesa huyo hakuwahi kufika. Lubbock, visa viwili vilivyonyamaziwa havikumlinda hata mwanafunzi wa maabara ya jirani.

Sheria za kwetu zinasema nini

Katika Afrika Mashariki, maandishi ya sheria ni mapana kuliko ambavyo wengi wangedhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inawalinda wafanyakazi pamoja na watu wote waliopo kihalali mahali pa kazi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inataja ulinzi wa watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na shughuli za walio kazini. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2006. Kwa upande wa kemikali zenyewe, Tanzania ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye jukumu la kusimamia kemikali za viwandani na majumbani.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyeingia maabara ya chuo huko Nairobi kwa ratiba ya masomo ni mtu aliyepo kihalali mahali pa kazi. Hahitaji hati ya mshahara ili sheria imtambue. Katika jambo hili moja, sheria ya Kenya imemwona mwanafunzi ambaye kanuni ya Marekani ya 1990 haikumwona.

Hata hivyo, kuonwa na sheria na kusikilizwa na taasisi ni mambo mawili. Sheria hiyohiyo ya Kenya inataka kamati ya usalama iundwe mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na viti vya kamati hiyo ni vya mwajiri na waajiriwa. Hapo mwanafunzi hana kiti. Chuo chenye nia njema kinaweza kumpa kiti hicho kwa uamuzi wake chenyewe, bila kusubiri bunge.

Mazingira yetu nayo yana mambo yanayotaka tahadhari ya ziada. Etha, kiyeyushi kinachotumika sana katika kemia, huchemka kwenye nyuzi joto takriban 35. Katika miji ya pwani, ambako joto la mchana katika msimu wa kiangazi hupita nyuzi 30, chupa ya etha iliyoachwa dirishani iko karibu kabisa na kuchemka, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hushika moto kwa wepesi. Etha iliyokaa muda mrefu baada ya kufunguliwa hujenga kampaundi za peroksaidi ambazo zinaweza kulipuka kwa kufungua kifuniko tu. Asidi ya pikriki, inayopatikana katika maabara nyingi za zamani, ni salama kiasi ikiwa na unyevu, lakini ikikauka hugeuka kilipuzi.

Kukatika kwa umeme ni suala jingine. Kabati la kufyonza mvuke hutegemea feni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, feni husimama, lakini kemikali haisimami kutoa mvuke. Idara inayojua kuwa umeme hukatika inapaswa kuwa na maelekezo ya maandishi kuhusu hatua za dakika ya kwanza: nini kizimwe, nini kifunikwe, na nani atangulie kutoka.

Kemikali za msaada nazo zina mtihani wake. Chupa iliyofika bila tarehe ya kufunguliwa, au yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna asomaye idarani, si msaada mpaka ijulikane ina nini. Kuipokea kwa tabasamu na kuiweka rafuni ni kuahirisha uamuzi, na anayekuja kuubeba ni mwanafunzi wa miaka ijayo.

Je, tatizo ni fedha?

Jibu la kwanza ambalo hutolewa katika mijadala ya namna hii ni umaskini. Inasemwa kuwa vyuo vyetu havina bajeti, na kwamba utamaduni wa usalama ni anasa ya nchi tajiri. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kabati la kufyonza mvuke ni ghali, bafu la dharura linahitaji maji ya uhakika, na kuteketeza taka za kemikali kwa njia salama kuna gharama ambayo haiwezi kulipwa kwa maneno mazuri.

Lakini vyuo vya Los Angeles, Lubbock na Manoa havikuwa maskini. Koti la maabara lingepatikana. Kuandika kiwango cha miligramu 100 kwenye karatasi na kuibandika ukutani hakugharimu ruzuku. Kusimamisha kazi baada ya mlipuko mdogo hakuhitaji zabuni. Mambo yaliyokosekana katika ajali hizo yalikuwa mengi ya bei nafuu, isipokuwa moja lenye bei kubwa kwa watu wenye vyeo: kukubali kukatizwa.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu usalama wa maabara za kemia vyuoni, liliweka mzigo huo mabegani mwa viongozi wa juu. Lilipendekeza usalama uwe sehemu ya kupanga utafiti tangu mwanzo, uhesabiwe wakati wa kupandisha vyeo, na taarifa za visa vya nusura zipokelewe bila kumwadhibu anayezileta. Pendekezo hili la mwisho huwatia wengine shaka, wakidhani ni kuwaachia wazembe. Lakini anayeripoti kosa lake kabla halijamdhuru mtu ametoa huduma kwa wenzake. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyepokea ripoti akaikalia.

Uzoefu wa Chuo Kikuu cha Minnesota unatia moyo. Tangu mwaka 2012, kwa ushirikiano na kampuni ya kemikali ya Dow, wanafunzi wa shahada za juu katika idara za kemia na uhandisi wa kemikali waliunda timu yao ya usalama. Kila kundi la utafiti hutoa mwakilishi. Wawakilishi hukagua maabara za wenzao na kuzungumza kuhusu visa vya nusura. Mfano huo umeigwa na vyuo vingine. Nguvu yake ni kuwa anayetoa onyo ni mtu anayefanya kazi hiyohiyo, na haongei peke yake.

Maswali ya siku ya kwanza

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, hushughulikia viwango vya ubora wa elimu ya juu katika ukanda huu. Usalama wa maabara ungeweza kupewa nafasi ya wazi katika vipimo hivyo, ili chuo kinachoomba kutambuliwa kioneshe daftari la visa vya nusura pamoja na idadi ya vitabu vya maktaba. Taasisi zinazotoa ruzuku, za ndani na za nje, zingeweza kufanya ambacho wafadhili wa utafiti wa Lubbock hawakukifanya, yaani kuuliza kuhusu ulinzi wa watu kabla ya kutoa fedha.

Hayo ni ya wakubwa na yatachukua muda. Mwanafunzi anayeanza muhula wiki ijayo anaweza kuanza na maswali machache, na ana haki ya kujibiwa kabla hajafungua chupa yoyote. Kemikali ninayoshika leo inaweza kunifanyia nini, na imeandikwa wapi? Kiwango cha juu ninachoruhusiwa ni kipi? Bafu la dharura liko wapi, na lilijaribiwa lini mara ya mwisho? Nikifanya kazi jioni, nani mwingine yupo jengoni? Nikiona jambo lisilo sawa, namwambia nani, na ana uwezo wa kuisimamisha kazi?

Mzazi anaweza kumfundisha mwanawe kuyauliza maswali hayo kwa adabu, kama anavyomfundisha kubisha hodi. Mhadhiri akiyapokea bila kukunja uso, atakuwa ameonesha kuwa katika maabara yake onyo lina njia ya kupita. Akishindwa kuyajibu, hilo nalo ni jibu, na mkuu wa idara anapaswa kulisikia siku hiyohiyo.